Harusi ya Paje: tulipanga kila kitu, hatukuuliza mwezi

Mi ni mtu wa Njombe, nianzie hapo. Kwetu Februari ni mvua na ukungu, ukivaa sweta saa sita mchana hamna mtu anakushangaa. Sasa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Dar miaka mingi, akapata mchumba Mchaga, wakafunga ndoa kanisani kimya kimya hukohuko Dar, af wakatangaza kwamba sherehe yenyewe itakuwa Zanzibar, Paje, ufukweni, Jumamosi tarehe 24 Februari 2024, saa kumi kamili jioni. Walitaka watu wachache. Orodha ya kwanza ya upande wetu peke yake ilikuwa na watu 180, tukakata tukakata mpaka pande zote mbili zikabaki na 64, na kuna shangazi mmoja mpaka leo nikimwamkia anaitikia kwa pembeni, kwa sababu mimi ndo nilikuwa katibu wa kamati na jina lake mimi ndo nililifuta kwa mkono wangu.

Hela nayo ni ngoma nyingine. Ukimwomba mtu mchango wa harusi, af wiki mbili kabla unamwambia boti na malazi ajitegemee, utasikia maneno ambayo hujawahi kuyasikia tangu uzaliwe. Mwisho kamati ilibeba nauli na vyumba vya wazee, vijana wakajilipia. Ilikuwa sawa kabisa ila tulichelewa kusema, tungetangaza tangu Novemba wala kusingekuwa na ugomvi, watu wangejipanga au wangesema mapema siji, yaishe.

Kosa la kwanza ambalo ni langu mwenyewe: kitambaa cha sare. Tulichagua satini, kijani ya kung'aa, nzuri hiyo dukani Kariakoo chini ya zile taa, unaona kabisa picha zitakavyotoka. Fundi alituuliza mara mbili, "dada mnaenda kuvaa wapi hii?" nikamjibu Zanzibar, akanyamaza akaendelea kupima. Ule unyamavu wake ningeuelewa vizuri siku ile ningeokoa watu wengi sana.

Wazee wa kwetu walishuka na basi kutoka Njombe, kilomita zaidi ya 700, wakalala Dar, Ijumaa tukapanda boti ya saa kumi jioni. Mama mkubwa, dada yake mama, ana miaka 71 na alikuwa hajawahi kuiona bahari hata mara moja. Alipanda na sweta lake, na kitenge kimoja amejifunga kingine amejitanda, na kapu la parachichi za kumpelekea bibi harusi. Dakika kumi za mwanzo anatabasamu. Baadae boti ilipotoka kwenye mkono wa bandari ikaanza kucheza, upepo wa kaskazi unaipiga ubavuni, akanishika mkono akaniambia kwa kibena maneno ambayo kwa kiswahili naweza kuyafupisha hivi, nirudishe nyumbani. Wahudumu wakaanza kugawa vile vimfuko. Ushauri wangu kwa aliye na wazee: kaa nao nyuma na chini, katikati, sio mbele na sio juu kwenye upepo mnapopiga picha, mbele ndo panaruka zaidi. Na wale kitu kidogo kabla, wasipande na njaa wakidhani ndo watapona, tumbo tupu linatapika vibaya zaidi.

Unguja tulifika jua linazama, tukaingia kwenye kosta, giza lilitukuta njiani pale msitu wa Jozani ambapo magari yanapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, Paje tukaingia saa mbili usiku. Kwahiyo hiyo Ijumaa hatukuiona bahari ya Paje kabisa, tuliisikia tu. Hili mlikumbuke maana ndo lilituponza.

Asubuhi sasa. Natoka nje saa tatu na nusu, bahari haipo. Sitanii. Kuna mchanga mweupe kama unga wa sembe, af madimbwi, af majani, af mchanga tena, na mbali kabisa huko unaona mstari mweupe wa mawimbi yanapasuka mwambani. Watu wanatembea katikati ya bahari kwa miguu kama wako shambani. Mama mkubwa akasimama akaangalia weee, akauliza, "Ile ya jana wameipeleka wapi?"

Na kweli kule ni shambani, maana ndo mashamba ya mwani. Wanawake wameinama na madera yao yamekunjwa mpaka magotini, vigingi vimepangwa mistari, kamba kati ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba wamefunga vichipukizi vya mwani kimoja kimoja. Nikaenda mpaka kule, ndala mkononi, maji ya vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Nikamwamkia bibi mmoja, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikakaa namwangalia. Vidole vyake vimekunjamana vyeupe kwa maji, anafunga kile kifundo bila hata kukiangalia, huku anaongea na mwenzie mambo ya mjukuu. Akaniambia ule mwani wenye bei nzuri wanaouita kotonii siku hizi unawafia, maji yamekuwa ya moto mno, wengi wamebaki na ule mwembamba wa spinosamu ambao unavumilia ila bei yake ndogo. Nilijua joto la pwani linatusumbua sisi wageni, kumbe hata vilivyomo baharini vimelalamika.

Tukaongea. Akaniuliza mmekuja kwa nini, nikamwambia harusi, leo, hapo mbele ya hoteli, saa kumi. Akanyanyuka. Akaangalia ufukweni ambako vijana wa mapambo walikuwa wameshaanza kusimamisha lile tao la maua, chini kabisa, pale mchanga ulipo tambarare na mzuri.

"Saa kumi ya leo?"

"Ndio bibi."

"Leo bamvu, mwanangu. Mwezi kumi na nne huu. Alasiri maji yanakuja mpaka ukutani pale." Akanionyesha kwa kidole ukuta wa hoteli. "Kwani hamkuuliza?"

Hatukuuliza. Maharusi walienda kuangalia eneo Januari katikati, siku za mwezi nusu, wakafika saa kumi jioni wakakuta ufukwe mpana safi, wakapiga video, wakalipa advansi. Sasa ngoja niwaeleze nilivyoelewa mimi baada ya kuelimishwa siku nzima na kila mtu pale kijijini, maana kila mtu alikuwa analijua hili isipokuwa sisi watu 64. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji ni ya bamvu, yanapwa mno na yanajaa mno, tofauti yake pale Unguja inakaribia mita nne. Na bamvu kwa upande ule linajaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, linapwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, miaka nenda rudi. Siku za mwezi nusu ni maji mafu, hayaendi mbali hayaji juu, na saa zake zimegeuka, saa kumi jioni maji yako nje. Ndo maana maharusi walikuta ufukwe. Tarehe 24 mwezi ulikuwa mpevu, siku yenyewe kabisa. Yani kati ya Jumamosi zote tulichagua ile, na kati ya saa zote tukachagua saa ile, bila kujua tumechagua nini.

Nikarudi mbio kumwambia mratibu wa sherehe, dada wa kutoka bara na yeye, kishungi kimesimama, simu mbili mkononi. Akaniambia usijali da'angu, bahari iko kilomita nzima huko. Nikanyamaza. Hapo ndo nalaumika, ningekaza. Ila saa sita mchana, viti 64 vimepangwa na vitambaa vyeupe, bahari kweli iko huko, na mimi ni nani, mtu wa Njombe, nimwambie mtu wa mapambo kuhusu bahari?

Tukaingia kuvaa saa saba. Jamani lile joto. Simu inasema nyuzi 32 ukidhani ndo basi, kumbe hilo sio tatizo, tatizo ni ule unyevu, jasho linatoka halikauki, linakaa tu hapo hapo juu ya ngozi linasubiri jasho lingine. Mchanga mweupe nao unarudisha jua usoni kutokea chini, hata ukikaa chini ya mwavuli unaungua kidevu. Umeme ukakatika, feni ikasimama, na wakati huo niko na nusu mekapu. Dada wa mekapu anapaka foundesheni, inateremka, anafuta, anapaka, inateremka. Wigi nililonunua kwa hela ya maana nikalivaa robo saa nikalivua nikalirudisha kwenye boksi, nikafunga kilemba. Ile satini ikanigandia mgongoni ikabadilika rangi kwenye kwapa, kijani ya pili, na nilipoangalia pembeni wote tuko hivyo, kamati nzima, tumelowa kwa mpangilio mmoja. Wale wadada wa hotelini wanapita na madera yao ya pamba, mapana, upepo unaingia chini unatokea shingoni, wanatuangalia kwa huruma.

Mpambe wa bwana harusi ndo alitutisha. Kijana wa miraba minne, suti vipande vitatu, kitambaa kizito kile cha Moshi, tai imebana. Saa nane na nusu akasema anasikia baridi. Baridi, Paje, Februari. Kuna baba mmoja wa jikoni aliposikia neno hilo tu akaacha kisu, akaja akamvua koti na kile kizibao na viatu, akamlaza ukumbini chini ya makuti miguu juu ya kreti, kanga mbichi shingoni na kwapani, na alipopata nguvu ya kukaa akampa dafu na chumvi kidogo. Mtu akitoka jasho kutwa af akaacha kutoka jasho na kusema baridi, usisubiri, alituambia, na kama haongei vizuri huyo ni wa hospitali sio wa dafu. Alikuwa anaongea, namshukuru Mungu. Alimaliza harusi na shati mikono imekunjwa na ndo aliyependeza kuliko wote.

Saa tisa maji yakawa yamefika kwenye tao.

Hayakuja kwa kishindo, na ndo maana hamna aliyeshtuka. Ulikuwa ukiangalia unaona kama yamesimama, ukigeuka kumjibu mtu ukirudi mguu mmoja wa tao uko ndani. Vijana wa mapambo wakahamisha viti nyuma hatua kumi. Robo saa tena hatua kumi. Dakika chache baadae hamna pa kuhamishia, nyuma ni ukuta, na mratibu amevua viatu amesimama kwenye maji ya magotini amekumbatia lile tao lisiondoke, simu mbili bado mkononi. Saa kumi kamili, saa iliyoandikwa kwenye kadi kwa wino wa dhahabu, mawimbi yanagonga ukuta wa hoteli na wageni tuko juu tunachungulia kama watu walio kwenye meli. Maji yalipojaa hivyo na wale wazungu wa kaiti, wanaoteleza majini kwa ubao huku wanavutwa na parachuti, wakasogea karibu, kwenye picha rasmi ya maharusi kuna mtu anaruka angani nyuma yao na parachuti la waridi.

Bibi harusi alilia dakika tano, mama mdogo akamfuta, basi. Mchungaji akasema baraka hazihitaji mchanga, tukabanana kwenye ukumbi wa makuti, akawaombea pale. Maua ya waridi tuliyoyasafirisha kwenye boksi kutoka bara yalikuwa yameshainama yote. Wale wadada wa hotelini, bila kuambiwa na mtu, wakaleta sinia la asumini waliyochuma kijijini, na kikuba cha kumbandika bibi harusi kifuani, na ukumbi mzima ukabadilika harufu. Laki na nusu tulitoa kwa yale waridi. Keki nayo msiniulize, ya ghorofa tatu yenye krimu, ghorofa ya juu iliteleza taratibu ikalala juu ya ya pili na tukailia hivyo hivyo kwa vijiko.

Kwenye vinywaji kidogo tuaibike pia, maana kipindi kile Zanzibar nzima ilikuwa na uhaba wa pombe, kulikuwa na sakata la vibali vya waingizaji, bia hazipatikani na zikipatikana bei imepaa. Wachaga walipoletewa taarifa hiyo ukumbi ulikuwa kimya kuliko wakati wa maombi. Anko mmoja akaenda chumbani akarudi na Konyagi tatu alizozivika soksi tangu Dar. Sisemi alifanya vizuri, nasema alipigiwa makofi.

Kulikuwa na jambo moja bado kwenye ratiba: saa kumi na mbili na nusu, picha za maharusi na jua likizama baharini. Tukajipanga ukutani, mpiga picha tayari, tunasubiri jua lishuke majini. Mama mkubwa, amekaa kwenye kiti chake na sweta amelivua mara ya kwanza tangu Njombe, akasema kwa upole, "Mwanangu, jua si liko huku nyuma?" Liko nyuma kweli. Paje inatazama mashariki. Pale jua linachomoza baharini, halizami baharini, linazama kwenye minazi na mapaa ya kijiji. Ukitaka la kuzama majini unaenda Kendwa au Nungwi, au mjini Forodhani. Watu 64, wasomi wengine humo, na hamna aliyefungua ramani.

Mpiga picha akaanza kufunga mitambo yake. Nilikuwa nimechoka nimekaa chini, viatu pembeni, naangalia tu maji, na hapo nikaona kule mbele, pale bahari inapoishia, pamekuwa pekundu. Nikadhani moto wa meli. Kikatokea kidogo kama ukucha, kikapanda, chungwa, kikubwa, kinatingishika kwenye joto, mpaka kikakatika kabisa kutoka kwenye maji kikabaki kinaning'inia. Mwezi. Mpevu, mzima, mbele yetu kabisa, wakati huohuo jua linamalizika nyuma. Hamna aliyekuwa amepanga hiyo. Mpiga picha akaangusha begi akaanza kukimbia. Ile picha ndo iko ukutani kwao saivi, watu wakija wanauliza mlilipia shilingi ngapi kupata hiyo.

Na maji nayo, yule bibi alishaniambia, yakaanza kurudi. Saa moja usiku ukanda wa mchanga umetokea chini ya ukuta. Saa mbili tumeshuka. Wakati DJ anapiga nyimbo za Kichaga saa nne bahari ilikuwa imeondoka tena, na sisi tunacheza peku kwenye mchanga mgumu uliolowa, pale pale ambapo mchana mratibu alikuwa magotini kwenye maji, upepo umepoa, mwezi juu unaona mpaka kucha za mtu. Satini yangu imekauka. Yule bibi wa mwani alikuja na mjukuu wake kuangalia, tukampa kiti cha mbele na sahani ya pilau, nikamtambulisha kwa mama mkubwa. Mmoja kiswahili chake cha Paje mmoja kiswahili chake cha Njombe, nilipita mara tatu nikawakuta bado wanaongea, mara ya tatu habari ilikuwa bei ya mbolea.

Jumapili asubuhi kabla ya kosta mama mkubwa alinituma chupa tupu ya maji, ile ya lita moja na nusu. Nikamwambia maji yako mbali sasa hivi. Akasema atanisubiri. Nikatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani na kurudi.

Pasaka nilienda kwake. Chupa iko juu ya kabati karibu na redio, chini imetuama mchanga kama vidole viwili. Kulikuwa na mvua nje na jiko linawaka. Akaishusha, akaitikisa, akaiweka mezani tukakaa tunaangalia mchanga unavyorudi chini.